Makopo ya vipisi vya sigara kwa hoteli, mikahawa na mabaraza yetu: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Baraza linapopitisha sheria ndogo ya kuzuia sigara kwenye bustani, gati au ufukwe, manunuzi ya mwanzo huwa mawili: kibao cha kukataza na chombo cha kutupia vipisi. Kibao hakimsumbui mtu. Chombo ndicho chenye kazi, kwa sababu hununuliwa kwa kuangalia sura na bei, huwekwa mlangoni, halafu hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kukimwaga. Ikipita masika moja kimeshajaa maji meusi, kimeshika kutu, na vipisi vimerudi kule kule vilikokuwa, mchangani na kwenye mitaro.

Hapa tunapitia aina za vyombo zinazoonekana zaidi kwenye hoteli, mikahawa na maeneo ya wazi ya Unguja na Pemba. Majina ya viwanda hayatajwi. Vingi huletwa bila chapa au huchomelewa na mafundi wa hapa hapa, na kinachopimwa ni umbo, malighafi na matunzo. Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: nunua nguzo ya chuma yenye mdomo mwembamba na ndoo ya ndani. Chungu cha mchanga kinafaa pahala penye paa na penye mtu wa kukishughulikia kila siku. Kikopo cha mfukoni ni cha lazima kwa boti za watalii. Bomba la PVC, mapambo ya mwanzi, vifuu na chupa za maji zilizokatwa viachwe kabisa.

Ili kuelewa kwa nini umbo la chombo lina uzito huu, lazima kwanza kieleweke kipisi chenyewe. Wengi hudhani kichungi ni pamba. Ni plastiki: maelfu ya nyuzi za selulosi asetati zilizobanwa ndani ya kijiti cha sentimita 2 hadi 3. Kimewekwa pale kinase uchafu wa moshi, na kikishaunasa huuachia maji yakifika. Watafiti walioiga mvua juu ya vipisi mjini Berlin, Ujerumani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, walikuta nusu ya nikotini inayoweza kutoka imeshatoka ndani ya dakika 27. Wenzao wa San Diego, Marekani, walionesha mwaka 2011 kwamba maji yaliyorowekwa kipisi kimoja hivi kilichovutwa kwa kila lita huua nusu ya samaki wa majaribio ndani ya saa 96. Shirika la Afya Duniani, katika Siku ya Kutotumia Tumbaku ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa vichungi trilioni 4.5 hutupwa ovyo duniani kila mwaka.

Sasa lete habari hizo pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ambako pwani ni bapa na maji hupwa mbali. Kipisi kilichofukiwa mchangani siku za maji mafu hukaa pale pale, kikavu. Bamvua likija maji hupanda hadi kwenye viti vya hoteli, hukibeba, na kituo chake kinachofuata ni maji ya kina kifupi ambamo akina mama wana vigingi na kamba zao za mwani. Kwa upande wa Mji Mkongwe njia ni fupi zaidi: mvua, mtaro, bahari. Kwa hiyo chombo kizuri kina sifa mbili tu za kutazamwa mwanzo, nazo ni kuzima moto na kuzuia maji. Sura ni jambo la baadaye.

Nguzo ya chuma yenye mdomo mwembamba. Hii ni bomba lililosimama, urefu wake kama mita moja, lenye kofia juu, tundu moja au mawili ubavuni, na ndoo ya bati ndani chini. Moto huzimika kwa kukosa hewa: kipisi hushuka ndani ya bomba, hewa ya mle ni kidogo na tayari ina moshi, na baada ya muda mfupi kimezimika chenyewe. Hauhitajiki mchanga wala maji. Ncha ya sigara hufika karibu nyuzi 900 za Selsiasi mtu anapovuta, na hata ikiwa imewekwa tu inabaki na mamia ya nyuzi, basi ndoo ya ndani iwe ya bati au ya mabati, isiwe ya plastiki hata kama muuzaji anasema ni plastiki ngumu. Plastiki ya ndoo za kawaida huyeyuka kuanzia nyuzi 130 hivi.

Tundu ndilo linalotofautisha nguzo nzuri na mbaya. Sigara ina kipenyo cha milimita 8. Tundu la milimita 15 linatosha kwa kipisi, na linakataa karatasi za tishu, vikombe vya kahawa na maganda ya pipi. Tundu la milimita 40 au 50, ambalo ndilo la kawaida kwenye bidhaa za bei rahisi, linageuka kuwa jaa dogo. Tishu zikiingia, kipisi kinapata kuni, na moshi unaotoka kwenye nguzo mida ya jioni mara nyingi si wa sigara tena. Kasoro ya tundu dogo ni kwamba sigara nene za kuviringishwa, zile za kizungu zenye kipenyo hadi milimita 20, hazipiti. Mahoteli yenye wageni wa aina hiyo yaweke chungu kimoja cha mchanga pembeni, kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu ujazo, wauzaji hupenda kutaja idadi kubwa, na hesabu yake si ngumu. Kipisi cha milimita 8 kwa 30 kina ujazo wa sentimita za ujazo 1.5. Vikirundikana ovyo nusu ya nafasi inabaki tupu, kwa hivyo lita moja inachukua vipisi 300 na ushei. Ndoo ya lita 10 ina nafasi ya vipisi 3,000. Lakini usiiache ifike huko. Ikipita theluthi, vipisi vya juu vinakaa karibu na tundu, vinapata hewa na haviwahi kuzima. Baa yenye wavutaji 50 kwa usiku, kila mmoja vipisi 5, inazalisha 250, na theluthi ya ndoo inajaa ndani ya siku 4. Imwagwe kila baada ya siku 3, umemaliza.

Chuma chenyewe kinataka macho. Hewa ya bahari haina urafiki na chuma cha kawaida kilichopigwa rangi: rangi hukatika kwenye kingo za tundu na kwenye bawaba, kutu huanzia hapo, na ndani ya misimu miwili kofia imeshalegea. Stenlesi ya daraja la 304, inayouzwa kwa wingi, hutoka madoa ya rangi ya chai karibu na maji. Daraja la 316 lina molibdeni, madini yanayozuia kutu ya chumvi, asilimia 2 hadi 3, na ndilo la ufukweni. Kama bei ya 316 haikamatiki, bomba la GI, yaani la chuma lililochovywa zinki moto, la inchi 4 hadi 6 ni mbadala wa heshima, mradi kila pahala palipochomelewa pasuguliwe na kupakwa rangi ya zinki, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki yote ya pale. Kosa jingine ni kufunga bolti za stenlesi kwenye mwili wa aluminiamu bila washa ya plastiki kati yao: chumvi ikiingia, aluminiamu inaliwa kuzunguka bolti na nguzo inaanza kucheza.

Na wizi upo. Stenlesi na aluminiamu vina soko la vyuma chakavu, basi nguzo ya barabarani isisimame kwa kuegemea. Mwaga zege la sentimita 30 kila upande, ambalo lina uzito wa kilo 65 hivi, zamisha bolti 4 za milimita 10, na nati zake zifungwe kutoka ndani ya nguzo, nyuma ya mlango wenye kitasa.

Chungu cha mchanga. Hiki ndicho kilichozoeleka: chungu au sinia ya saruji, mchanga juu, wageni huchomeka. Kwenye kumbi zenye paa kinazima vizuri na hakina cha kuharibika. Matatizo yake ni manne na yote yanatokana na uvivu. La kwanza ni mchanga wenyewe. Usichote wa ufukweni: ufukwe unaliwa vya kutosha, na mchanga wa bahari una chumvi inayovuta unyevu, ukabaki umegandamana. Tumia mchanga wa ujenzi ulionunuliwa kwa njia halali, uliochekechwa na kuanikwa, kina cha sentimita 10. La pili ni paka. Mji Mkongwe una paka wengi, na kwa paka chungu cha mchanga mkavu ni choo. Funika kwa wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2, ambao kipisi kinapita na mguu wa paka haupiti. La tatu ni watoto na kuku. Kipisi kilichomezwa na mtoto mdogo kinampa sumu ya nikotini, kwa hiyo chungu kiinuliwe, mdomo wake usiwe chini ya sentimita 90 kutoka sakafuni. Vile vyungu vinavyokaa chini kando ya ngazi, vizuri machoni, viko kwenye kimo cha mkono wa mtoto wa miaka miwili.

La nne ni mvua. Chungu kikinyeshewa kimekuwa birika la sumu. Maji ya rangi ya kahawa yanayokaa juu ya mchanga ni yale yale ya majaribio ya San Diego, isipokuwa makali zaidi, na mhudumu akiyamimina kwenye maua ameshayapeleka kwenye jiwe la matumbawe, ambalo linapitisha maji mpaka visimani. Ndiyo maana tunashikilia kuwa chungu ni cha chini ya paa tu. Na paa likiwa la makuti, kiwe mbali na nguzo na ncha za makuti, kisiwe chini ya ukingo ambako upepo hupeperusha cheche juu.

Kwa makaa ya shisha, hata hivyo, chungu kinaishinda nguzo. Kaa la shisha hubaki na moto muda mrefu baada ya kuonekana limekuwa jivu, haliingii kwenye tundu la milimita 15, na likilazimishwa huunguza ndoo. Mikahawa yenye shisha itenge chungu chake, kina cha sentimita 15, kisichanganywe na vipisi.

Kopo la ukutani. Ni boksi la bati la lita 1 au 2 linalofungwa ukutani, lenye matundu juu ya kuzimia. Kwenye jengo la saruji, chini ya paa, linafanya kazi yake, ingawa ujazo wake mdogo unataka kumwagwa kila siku. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe halifai. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Skurubu ya chuma ikiingia mle inakutana na unyevu na chumvi, inavimba kwa kutu na kupasua lipu. Isitoshe, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kutoboa uso wa nyumba bila idhini ya mamlaka ya uhifadhi ni kujitafutia barua. Weka nguzo ya kusimama yenyewe, yenye kitako kizito, basi.

Bomba la PVC. Linapendwa kwa kuwa ni rahisi: kipande cha bomba la maji machafu la inchi 4, kifuniko chini, kona juu, rangi ya kupuliza. Tatizo ni kwamba PVC hulainika ikikaribia nyuzi 80, na ikiungua hutoa gesi yenye asidi. Vipisi vikirundikana upande mmoja bomba hubonyea, mara nyingine hutoboka, na kwa kuwa limefungwa chini hakuna njia ya kulimwaga isipokuwa kuling'oa. Wengine hutoboa tundu chini ili maji ya mvua yatoke. Hilo ni kosa kubwa kuliko PVC yenyewe, maana sasa chombo kimekuwa chujio la kumwagia nikotini ardhini. Chombo cha vipisi hakitobolewi chini, kiwe cha nini. Maji huzuiwa juu, kwa kofia inayotokeza sentimita 3 kupita ukingo.

Mwanzi na kifuu hupendeza kwenye picha. Mwanzi mkavu unashika moto, na kifuu cha nazi ndicho watu wanachochomea makaa, kwa hiyo kuvitumia kuzimia sigara ni kuweka kuni na moto pamoja. Chupa ya plastiki iliyokatwa na kutiwa maji, ile inayowekwa na walinzi karibu na geti, inazima moto kweli, lakini asubuhi maji yale humwagwa mchangani. Katika vyombo vyote hiki ndicho kibaya kuliko vyote kwa mazingira, na ndicho kilichoenea kuliko vyote.

Kikopo cha mfukoni ni kidude cha bati chenye kifuniko cha kubana, upana wa sentimita 7 au 8, kinachochukua vipisi 6 hadi 10. Kwa safari za Mnemba, Changuu au Misali hakuna kinachokishinda. Boti yenye mashine ya petroli haivutwi sigara wakati wa kujaza mafuta na karibu na tangi, hilo halina mjadala, lakini mgeni akishuka kwenye kisiwa atavuta tu, na huko hakuna nguzo wala gari la taka. Nahodha agawe vikopo wakati wa kugawa vifaa vya kuogelea na avikusanye pamoja navyo. Chagua vyenye kifuniko cha kuzungusha au cha kubana kwa nguvu. Vile vifuko laini vyenye karatasi ya fedha ndani vina kitufe cha chuma, na kitufe kile hushika kutu haraka kwa maji ya chumvi, kifuko kisifungike tena. Kikopo cha pipi cha bati kinafaa vile vile, harufu itapenya kidogo, moto hautapenya.

Neno moja kuhusu sigara zinazouzwa kwa sifa ya kichungi cha kuoza. Kichungi cha karatasi huoza mapema kuliko cha plastiki, lakini kimenasa sumu zile zile na huziachia kwenye maji yale yale. Hoteli isipunguze vyombo kwa sababu ya maandishi ya pakiti. Na zile sigara za umeme za kutupwa zina betri ya lithiamu: zikigandamizwa ndani ya nguzo au gari la taka zinaweza kuwaka. Zipokelewe mapokezi, kwenye boksi la bati lenye mchanga mkavu.

Wala vyombo hivi si jibu la tumbaku yote. Anayetafuna tambuu kwa tumbaku au anayeweka kuberi, tumbaku ya mdomoni isiyovutwa, hana kazi na nguzo. Anahitaji pa kutemea, na pakiti ndogo za kuberi zinahitaji pipa la kawaida lenye kifuniko. Sheria ndogo inayotaja sigara peke yake inaacha kuta na barza na madoa yake mekundu, na hatujui kwa nini mabaraza yachukulie suala hilo kuwa dogo.

Pa kuweka ni nusu ya thamani ya chombo. Mwongozo wa kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unamtaka mwenye pahala palipokatazwa sigara aondoe visahani vya majivu vyote humo ndani. Ni jambo la akili: chombo kikiwepo, mtu huona ameruhusiwa. Nguzo ikiwa mlangoni, watu huvuta mlangoni na moshi huingia ndani pamoja na wateja. Iwekwe kwenye mpaka, pale mtu anapoingia eneo lililokatazwa, na iandikwe wazi: Zima hapa. Kwa wanaoruhusiwa kuvuta nje, iwe si chini ya mita 5 kutoka mlango, dirisha au makuti.

Kisha tazama upepo. Pwani ya mashariki kusi na kaskazi zote huvuma kutoka baharini kuja nchi kavu, kwa hivyo sehemu ya wavutaji ikiwa upande wa ufukwe, moshi wote unaishia kwenye meza za chakula. Iwe upande wa barabara. Pwani ya magharibi, kama Mji Mkongwe, upepo hutoka nchi kavu mara nyingi na moshi huenda baharini, ila vipisi navyo huenda baharini. Huko weka nguzo hatua chache nyuma ya ukuta wa bahari, upande wa ndani, ili mtu amalize sigara yake kabla ya kufika ukingoni. Ufukweni usisimamishe nguzo chini ya mstari wa bamvua.

Ratiba ya kumwaga nayo ifuate watu. Mwezi wa Ramadhani mjini mchana vyombo hubaki vitupu, halafu baada ya futari na tarawehe hujaa kwa saa chache, hasa maeneo kama Forodhani. Zamu ya asubuhi peke yake mwezi huo haitoshi. Iongezwe ya saa sita usiku.

Kumwaga kwenyewe kuna utaratibu, na ukiukwaji wake ndio unaoleta moto kwenye mapipa. Mhudumu avae glavu. Afungue mlango wa nguzo, atoe ndoo ya ndani, asiimimine moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki. Amimine kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, aifunike, aiache pahala pa saruji usiku kucha. Asubuhi ndipo vipisi vitiwe kwenye mfuko, vifungwe peke yake, na kwenda na taka za kawaida hadi kwenye dampo la Kibele kwa upande wa Unguja. Visichomwe nyuma ya jiko, maana hiyo ni plastiki na nikotini. Visitiwe kwenye mbolea. Habari za kuvigeuza vichungi kuwa bidhaa nyengine zipo ughaibuni, kwa viwanda maalumu, na hazifai kutumiwa hapa kama kisingizio cha kurundika magunia stoo.

Chungu cha mchanga huchekechwa kila siku kwa chekecheke la tundu la milimita 5: mchanga unapita, kipisi kinabaki. Mchanga wote ubadilishwe kila mwezi, na ule wa zamani ufungwe na utupwe kama taka. Majivu yake hayaonekani, lakini yamo. Nguzo isioshwe kwa mpira wa maji barabarani. Ifutwe ndani kwa tambara lenye sabuni, na tambara litupwe.

Upande wa mabaraza kuna la kusema zaidi. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya tumbaku ya Bara ya mwaka 2003 haiwezi kubebwa na kusomwa hapa kama yetu. Mabaraza yetu yana mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2014 ya serikali za mitaa, na mazingira yana Sheria Namba 3 ya mwaka 2015. Zana zipo. Barcelona, Hispania, ilianza na fukwe 4 mwaka 2021, ikaona matokeo, kisha mwaka 2022 ikakataza sigara kwenye fukwe zake zote. San Francisco, Marekani, mwaka 2009 iliweka ada ya senti 20 kwa kila pakiti ili anayeuza na anayevuta wachangie gharama za kuokota vipisi. Njia ya Barcelona, kipande kwa kipande, inafaa Nungwi au Paje, ambako sheha na wenye hoteli wanajuana na ufukwe una mwanzo na mwisho unaoeleweka.

Baraza likiandika zabuni ya vyombo, liandike na haya: nani anamwaga, kila baada ya siku ngapi, anapeleka wapi, nani anashika ufunguo. Idadi ya nguzo zilizosimikwa si kipimo cha lolote. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 kuzunguka kila nguzo, hesabu vipisi vilivyo chini, saa ile ile na maji yakiwa katika hali ile ile, mara moja kwa wiki. Vikiwa havipungui baada ya wiki nne, nguzo iko pahala pabaya au haimwagwi. Ihamishwe.

Na msipokee vyombo vya bure kutoka kwa watengenezaji au wauzaji wa sigara. Nguzo yenye rangi za pakiti fulani ni tangazo lililosimikwa kwenye bustani ya umma, na kifungu cha 5.3 cha ule Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku kinataka maamuzi ya afya yalindwe na maslahi ya biashara hiyo. Baraza linalopokea zawadi leo litaona haya kuongeza ukali wa sheria kesho. Kifungu cha 18 kinazungumzia mazingira waziwazi, na nchi wanachama walipokutana Panama mwezi wa Februari mwaka 2024 walipitisha uamuzi wa kukipa nguvu, vichungi vikiwemo. Diwani anayetaka hoja ya kusimamia anayo hapo.

Kwa Pemba, isipokuwa gati ya Mkoani na vituo vya magari vya Chake Chake na Wete, wavutaji hawajazani pamoja, na nguzo nyingi zitakuwa hasara. Vyungu vyenye paa na vikopo vya boti vinatosha kwa hoteli za huko.

Anayechomelesha nguzo kwa fundi ampe vipimo hivi kwa maandishi: bomba la GI la inchi 6, urefu mita 1, unene wa bati la kofia milimita 1.5; kofia itokeze sentimita 3 pande zote; matundu mawili ya milimita 15, kimo cha sentimita 90, kingo zake zipigwe tupa zisikate mkono; bamba dogo la kuzimia pembeni ya kila tundu; mlango chini wa sentimita 35, uangalie upande usio na upepo; ndoo ya ndani ya bati lita 5, ambayo theluthi yake ni vipisi 500, iwe na mpini wa kukunja ili itoke bila kumwagika. Kitasa kiwe cha ufunguo wa pembetatu, si kufuli, kwa sababu kufuli hugandamana kwa chumvi na mhudumu ataishia kuuvunja mlango. Funguo zikatwe tatu, moja ikae ofisini.